Nilipika rubisi Kampala enzi za wanajeshi, jirani yangu sajini akaonja akaniuliza kwetu ni wapi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za jioni.

Kuna kijana humu aliweka uzi juzi. Ametengeneza bia yake ya kwanza nyumbani, ndani ya ndoo, kwa kufuata video. Kasema ina ladha ya mkate uliolowa maji. Mwisho akauliza: batch ya pili nipike nini?

Mkamcheka karibu ukurasa mzima.

Mimi sikucheka. Nilifunga simu, nikazunguka uani, nikarudi, nikafungua tena. Swali hilo niliwahi kujiuliza nikiwa kijana, Kampala, miaka ile ya utawala wa kijeshi, na halikuwa swali la ladha.

Nitawasimulia yaliyonipata mwenyewe. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Sina sababu ya kuongeza chumvi, watu wenyewe wengi wameshatangulia.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa Missenyi, kule kati ya mto Kagera na mpaka wa Uganda. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miguu inayowasha. Wenzangu walitafuta kazi serikalini, mimi nikatafuta meli. Nilikaa Mwanza kidogo, nikavuka Kisumu, nikachoka, nikapanda nyingine hadi Port Bell, bandari ya Kampala iliyopo Luzira. Nilishuka na begi moja nikisema nitakaa mpaka mvua ziishe.

Nikapata kazi ya kufunga mabehewa. Kwa wasiojua, pale behewa la treni linaingizwa ndani ya meli zima zima, linasimama juu ya reli, linafungwa kwa minyororo, linavuka ziwa. Sisi ndio tulikuwa watu wa minyororo. Nilipenda kazi ile kwa sababu kila nilichokigusa kilikuwa kinaondoka.

Mvua zikaisha. Sikuondoka.

Halafu wanajeshi wakachukua nchi. Mwanzoni watu walicheza barabarani, nisiwadanganye, niliwaona. Baadaye Uganda na Tanzania zikakosana, likatokea shambulio kutoka upande wetu wa mpaka, likashindwa. Tangu hapo Mtanzania akionekana Kampala ni jasusi, na hakuna aliyekuwa na muda wa kusikiliza maelezo yake.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi nyumbani. Kila Jumatatu nilisema naondoka. Lakini barabara ya Mutukula ilikuwa imejaa askari, na meli za Mwanza zilikuwa hazieleweki. Na kusema kweli niliona aibu kurudi mikono mitupu.

Basi nikawa mtu wa Kyotera. Kyotera iko Uganda, kusini ya Masaka, si mbali na kwetu, na lugha zinakaribiana. Jina langu Tadeo halikuwa na shida, Wakatoliki wa pande zote mbili wanalo.

Shida ilikuwa Kiswahili. Kampala kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na ya wafanyabiashara kutoka Kongo. Kila mtu alikivunja anavyojua. Ukikisema kilichonyooka, mtu anakugeukia kukutazama. Mwalimu wangu alinifundisha kwa kiboko kusema "watu wawili wamefika". Kampala nikajifunza kwa woga kusema "watu mbili nafika".

Ulimi niliufunga vizuri sana. Mikono ndiyo niliyoisahau.

Sasa nyumba.

Nilipanga chumba chini ya kilima cha Mbuya. Juu kule kuna mambo ya jeshi, kwa hiyo nyumba za chini zilikuwa mchanganyiko wa raia na familia za askari. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kiganda, tulimwita Nnalongo, ndiyo heshima ya mwanamke aliyezaa mapacha. Mapacha wake walikuwa kwa bibi yao kijijini. Mume wake, Ssalongo, aliitwa na watu wawili pale soko la Nakasero, akaingia kwenye gari lao, na hiyo ndiyo habari ya mwisho. Nnalongo hakusema "marehemu". Alisema "hayupo", na wewe unanyamaza.

Chumba cha mbele alikaa Sajini Drani, Mlugbara wa West Nile, mtu mrefu, mcheshi, anayependa kukaa uani na fulana siku ya mapumziko. Mke wake tulimwita Mama Ayikoru. Yeye alikuwa anapika kwete, ile pombe ya mahindi ya watu wa kaskazini, na ilikuwa haikai. Ikiiva asubuhi, mchana chungu kitupu.

Drani hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili mapema kwa sababu najua mtakachosema. Lakini alikuwa sajini, na mwaka ule ukikaa uani na sajini unacheka kidogo kabla yake na unaacha kucheka kidogo baada yake.

Bia ya chupa ilikuwa imeshakuwa kitu cha wakubwa. Sukari vilevile, sabuni vilevile. Kama huna mtu, huna kitu. Waragi, gongo ya Uganda, ya vichochoroni ilikuwepo ila niliiogopa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba ya ndizi za pombe. Ssalongo ndiye aliyekuwa akikamua. Tangu achukuliwe, mikungu ilikuwa inaiva, inaanguka, inaliwa na ndege. Mtumbwi wake wa kukamulia, gogo refu lililochongwa, ulikuwa umelala kando ya ukuta na kuku wanataga ndani.

Jumapili moja nilishindwa kukaa. Ndiyo tabia yangu mpaka leo, Jumapili hainipendi. Nikamwambia Nnalongo ndizi zinaoza.

Akaangalia ule mtumbwi. Akautazama mpaka nikajuta.

Akauliza, "Unajua kukamua?"

Nikasema najua.

"Basi toa hao kuku."

Wakuu, sikuwahi kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi, peke yangu kabla ya hapo. Nyumbani nilikuwa nakanyaga tu, wakubwa wanapima. Lakini mikono ilikuwa inakumbuka kuliko kichwa. Nilichimba shimo, nikalitandika majani ya mgomba, nikapanga ndizi, nikazifukiza moshi, nikafunika. Zilipoiva nikazimenya, nikazimwaga kwenye mtumbwi pamoja na majani makavu ya kuchujia, nikakanyaga mpaka maji yakatoka. Maji yale kabla hayajawa pombe ni matamu hadi yanakera.

Kisha mtama. Hapa sikilizeni.

Mtama unakaangwa, unasagwa, unanyunyizwa ndani ili pombe ichachuke. Kila mahali wanafanya hivyo. Lakini kule kijijini kwetu, mama yangu na majirani zake walikuwa wanakaanga mtama mpaka anayepita njiani anauliza nini kinaungua. Sijui kama Wahaya wote wako hivyo, mimi nasema vijiji vyetu vya mpakani. Pombe yake inakuwa nyeusi kidogo, na mwishoni unasikia kitu kama ukoko wa ugali.

Nilikaanga hivyo bila kufikiri. Sikujua kwamba kuna namna nyingine.

Nikafunika mtumbwi kwa majani na magunia, nikaiacha.

Siku ya kuonja ilikuwa Jumapili mchana, jua la kutosha. Nnalongo alitandika mkeka. Drani akatoka na kiti chake cha kamba, Mama Ayikoru akaja na kikombe chake mwenyewe na uso wa mtu anayekuja kukagua.

Huko, kama kwetu, mpishi anakunywa wa kwanza mbele ya watu, waone hajatia kitu. Zamani ilikuwa adabu tu. Miaka ile watu walikuwa wanatazama kweli, mpaka koo.

Nikachota. Nikanywa.

Niwe mkweli kwa yule kijana wa ndoo: haikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, ina uchachu uliokaa nyuma ya ulimi, na nyuzi za majani zilipita kwenye kichujio. Ila ule ukoko ulikuwepo. Ulipofika, nikaona nyuma ya nyumba yetu, nikaona moshi wa jiko la mama. Sikuwa nimemwona mama kwa miaka. Nikainama kama mtu aliyepaliwa.

Mama Ayikoru akaonja, akasema kwete ni chakula na hii ni maji ya kuoshea sufuria. Mume wake akacheka. Nnalongo alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini taratibu, akatazama migomba. Nilielewa. Haikuwa ya Ssalongo.

Drani akanywa. Akasimama kunywa. Akanywa tena, safari hii polepole, macho kayafumba nusu.

"Hii pombe mimi najua," akasema.

Akachungulia ndani ya kikombe.

"Mimi nilikaa Mutukula. Miaka mbili. Wakati ule hakuna maneno, sisi navuka kule ngambo, nakunywa kwa wamama wa kule. Hii. Hii kabisa." Akanigeukia. "Tadeo, wewe mutu ya wapi?"

"Kyotera, afande."

"Kyotera mimi nakunywa pia. Kyotera hapana choma muwemba namna hii."

Muwemba ndio mtama wenyewe. Nikatabasamu. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila nilitabasamu. Nikasema moto ulinizidi, mimi si fundi.

Drani akatikisa kichwa kama mtu anayemsamehe mtoto. Akamaliza kikombe, akaomba kingine, akamaliza na hicho. Jioni anaingia ndani akanipiga bega.

"Jumapili ingine pika tena. Mimi nakuja na rafiki yangu. Yeye pia alikaa Mutukula. Yeye atasema kama mimi naongopa."

Nilijua rafiki wa namna gani. Drani alikuwa na rafiki mmoja tu aliyekuwa anakuja na gari, shati la maua, miwani myeusi, suruali iliyofunika viatu. Hakuvaa sare. Wasiovaa sare ndio tuliowaogopa.

Naona kabla sijamaliza wengine mmeshaanza kuuliza kwa nini sikukimbia usiku uleule. Mkuu, ukikimbia umeshajibu swali. Na Nnalongo angeulizwa yeye: mpangaji wako alikuwa nani, alikwenda wapi, ulimficha kwa nini? Nyumba ile ilikuwa imeshatoa mtu mmoja.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki ya kuchagua nipike nini.

Fikirieni. Nikipika kama ile ya kwanza, yule mgeni anakunywa, anatambua, biashara imeisha. Nisipopika, Drani atauliza kwa nini. Nikipika ya mananasi, munanasi wanaita, itaonekana nimekwepa, maana ndizi bado zipo. Na nikipika ya ndizi kwa namna nyingine, namna ipi? Sikuwa na nyingine.

Bandarini nilifunga mnyororo wa behewa upande usio wake, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Mchana nilikuwa nakwenda mwisho wa gati, nasimama, narudi. Nilikuwa natazama meli ya Kisumu inavyopakiwa kama mtu anayetazama chakula cha mwingine.

Nyumbani sikukaa. Nilipanda Mbuya, nikashuka. Nilikwenda Nakasero sokoni bila kitu cha kununua, nikawa nasimama kwenye vibanda vya mtama nikinusa mikono ya wauzaji kama kichaa. Nilitaka mtu aniambie Waganda wanakaanga kiasi gani, na hilo ndilo swali pekee ambalo mtu wa Kyotera hawezi kuuliza.

Wa kwanza kunifuata alikuwa Mama Ayikoru. Alinikuta uani, akaweka chini kapu la kimea cha mahindi.

"Pika kwete na mimi," akasema. "Kwete yangu hakuna mutu anauliza."

Nikamwambia afande ameomba ya ndizi.

Akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Bwana yangu hapana taka kukushika. Mutu ya kukushika, yeye hapana kwambia siku ya kuja. Lakini yeye alisema kule kazini. Alifurahi, alisema nimepata pombe ya Mutukula hapa Mbuya. Sasa mudomo haiwezi kurudi."

Hapo ndipo nikamwelewa Drani. Hakuwa ananitega. Alikuwa na hamu. Alikuwa kijana pale mpakani, alikunywa kwa amani na watu ambao sasa anaambiwa ni adui, na mimi nikamrudishia kikombe kile. Akaenda kujisifu nacho. Mtu mwenye furaha ndiye aliyekuwa karibu kuniua.

Nikamshukuru. Nikamwambia aache kapu, nitafikiria.

Jioni ile ile Nnalongo alinikuta nakaanga mtama. Nilikuwa nimeshamwaga wa kwanza kwa kuunguza, na wa pili nao ulikuwa unaelekea hukohuko. Nikiona umekuwa hudhurungi nasema nitoe, mikono haitoi. Inasubiri harufu iliyoizoea.

Akanisogeza kwa nyonga, bila kusema, akachukua mwiko.

Alikaanga kidogo tu. Mtama ulipoanza kunukia kama karanga akautoa motoni, akaumwaga kwenye ungo, akaupepeta. Kwangu mimi ulikuwa bado mbichi.

"Yeye alipenda hivi," akasema. Sisi wawili tulikuwa tunaongea Kiganda, mimi nawapa maana yake. "Alikuwa anakaa pale ulipokaa, ananiambia toa, toa, unaua pombe."

Nikamuuliza amejua tangu lini kwamba mimi si mtu wa Kyotera.

"Tangu mwezi wa kwanza. Sikukuuliza kwa sababu sikutaka kuwa na jibu siku nikiulizwa mimi."

Kisha akasema kitu kingine. Akasema hataki pombe ya mume wake inywewe na watu wale. Alisema tangu aondoke hajakaanga, na hakutaka kuanza kwa ajili ya mgeni mwenye miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka huku mkono unapepeta. Nikamwambia basi tuache, nitapika kwete na Mama Ayikoru, litakalokuja lije.

"Kanyaga ndizi," akanijibu. "Mimi nimalize mtama."

Tukapika. Niseme yeye alipika, mimi nilikanyaga.

Jumapili ikafika. Gari lilisikika kabla halijaonekana. Yule mgeni akaingia uani, akasalimia vizuri tu, akakaa kwenye kiti cha Drani na Drani akabaki amesimama. Hakuvua miwani.

Nnalongo akachota, akanipa. Nikanywa wa kwanza, mbele ya miwani ile. Mkuu uliyesema humu hofu haina ladha, hujawahi kunywa nayo. Ilikuwa pombe tamu, laini, safi, nzuri kuliko yangu mara kumi, nami nilitaka kuitema. Nikalazimisha. Ikapita.

Mgeni akapewa. Akazungusha kikombe, akanywa, akangoja. Akanywa tena.

Akamgeukia Drani. "Hii pombe ya Waganda tu. Wewe naleta mimi mpaka hapa kunywa tonto?"

Drani naye akaonja. Nilimwona anapojua. Macho yake yalikwenda kwenye kikombe, yakaenda kwa Nnalongo, yakanipita mimi bila kusimama.

"Mimi nilikosea," akasema.

"Wewe nazeeka, Drani. Miaka mbili Mutukula na hapana jua pombe."

"Kweli. Nilisahau."

Akachekwa. Sajini mtu mzima, mbele ya mke wake, akachekwa na kijana aliyemzidi miwani tu, naye akachekelea pamoja.

Nikafikiri imekwisha. Mgeni akafuta mdomo, akasema, "Lakini ile ya kwanza ilikuwa nyeusi, ulisema. Nani alipika?"

Nilifungua mdomo, na Mungu ni shahidi yangu, sijui ningesema nini.

Nnalongo ndiye aliyesema. Alipiga magoti kama mwanamke wa Kiganda anavyomsemesha mgeni, mikono mapajani, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha:

"Ni mimi, ssebo. Niliunguza muwemba. Zamani bwana yangu alikuwa nakaa hapo, nasema toa, moto mingi. Sasa yeye hayuko. Walimwita Nakasero, hakurudi. Nani ataniambia toa?"

Wakuu, sikilizeni. Hakuna aliyekuwa anasema vile mbele ya watu wale. Hukutaja aliyechukuliwa. Hukuuliza. Yeye hakuuliza pia, alieleza tu kwa nini mtama uliungua.

Miwani ikabaki imemwelekea. Sikuyaona macho. Niliona kikombe kinashuka, kikawekwa juu ya mkeka kikiwa bado na nusu.

Mgeni akasema ana kazi. Akaaga. Alimuaga Nnalongo kwa jina lake la heshima, hilo nalo nalikumbuka, na sijui nilifanye nini. Gari likaondoka.

Mama Ayikoru akainua kikombe kile kilichobaki, akakimwaga kwenye migomba, akakisugua kwa majivu.

Drani alikaa kwenye kiti chake. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama ile ya kwanza imebaki hata kidogo.

Nikamwambia imekwisha, afande.

"Basi hapana pika tena," akasema. "Iko nzuri sana. Hapana pika tena."

Nilivuka Kisumu kabla mwezi haujaisha, kwenye meli ileile niliyokuwa nafunga mabehewa yake. Nnalongo nilimuaga asubuhi, akiwa anatandaza mtama juani. Alisema Mama Ayikoru ameomba afundishwe, kwa hiyo wanaanza kupika pamoja, ya ndizi wiki hii na kwete wiki ijayo, na uani kutakuwa na kelele, atalala vizuri. Hakuniambia nirudi. Aliniambia nisikae mahali nikishachoka.

Nimeitii hiyo amri kuliko amri yoyote. Kisumu, Musoma, Kahama, Kigoma, sasa niko huku nilipo na tayari nawaza pengine. Baada ya vita vya Kagera nilifika Mbuya mara moja. Nyumba ilikuwa na watu wengine, wema, wasiojua lolote.

Nimejifunza nini? Mtu anaweza kubadilisha jina, akavunja lugha, akasahau hata sala zake. Kinachomfichua ni kile anachokifanya akiwa ametulia, jikoni, bila kufikiri. Na pia, anayekutambua si lazima awe adui yako. Anaweza kuwa mtu aliyewahi kuwa na furaha mahali pamoja na wewe.

Sasa wewe kijana wa ndoo. Uliuliza upike nini.

Pika ile ambayo ukishamimina kwa majirani utatazama kikombe chako tu, bila kuhangaika kusoma nyuso zao. Ikiwa na ladha ya mkate uliolowa, shukuru, kunywa, pika nyingine.

Na nyinyi wakubwa wenzangu mliokuwa Kampala miaka ile, Luzira, Mbuya, Nakasero, popote: mlikuwa mnakunywa nini, na mlikuwa mnasema kwenu ni wapi? Uwanja ni wenu, andikeni. Mimi silali mapema.